Dirii, chapeo na ngao za povu: uzibe kwa gundi, mpira au resini?

Kila mwaka Kwaresima ikianza, kikundi chetu cha maigizo hunikabidhi orodha ileile: askari wa Kirumi sita, kila mmoja na dirii, chapeo, ngao na mkuki, na upanga mmoja wa akida. Bajeti yake naona haya hata kuitaja. Bati tulishalijaribu likamkata mtoto wa watu kwapani, na chuma halisi hakuna kijana atakayekubali kusimama nacho saa mbili chini ya msalaba. Kwa hiyo tunakata povu.

Kukata si kazi. Kazi ni kile unachopaka katikati ya povu na rangi. Povu lina vitundu. Ukilipaka rangi tupu linainywa, linabaki na mabaka, na askari akiinama rangi inabanduka vipande vipande kama gamba la mti. Au linafanya kama lilivyonifanyia mimi mwaka wa kwanza. Nilichonga ngao sita kutoka kwenye lile povu jeupe gumu linalofungiwa friji na televisheni. Alhamisi Kuu usiku nikatoka nje na kopo la spreyi ya rangi ya fedha. Sikumaliza ngao ya pili. Uso wa ile ya kwanza ulikuwa unatitia mbele ya macho yangu, mashimo yanapanuka kama barafu iliyomwagiwa chumvi. Ijumaa Kuu askari wetu walisimama na masinia ya aluminiamu tuliyoazima kwa kina mama wa jikoni, na kuna waliosema ndiyo ngao zilizopendeza kuliko zote tulizowahi kuwa nazo.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu kinachopatikana madukani, na nalinganisha hapa vile vilivyonifaa na vilivyonitia hasara. Lakini ulinganisho wenyewe hauna maana kabla hujajibu maswali mawili: hilo ulilonalo ni povu gani, na kitu unachotengeneza kitakunjika au hakitakunjika?

Povu ni matatu

La kwanza naliita povu la ndala, kwa sababu ndilo hilo hilo. Kitaalamu ni EVA. Linauzwa kama mikeka ya watoto ya rangi rangi inayoshikana kama vipande vya fumbo, na pia kama mikeka ya mazoezi. Linakunjika na kurudi, halinywi maji, na ukilikata kwa kisu kikali linatoa ukingo safi. Nairobi kuna karakana ya Ocean Sole inayotengeneza twiga na tembo kutoka kwenye ndala zilizookotwa fukweni. Wao wanaziacha rangi za ndala zionekane, kwa hiyo shida yetu ya kuziba na kupaka haiwahusu. Sisi tunataka povu lidanganye kwamba ni chuma.

La pili ni povu la punje, lile jeupe la friji na la maboksi ya samaki. Ukilivunja linamwaga vipunje vinavyonata hadi kwenye kope. Karibu asilimia 98 yake ni hewa, ndiyo maana ngao nzima unaibeba kwa kidole kimoja. Hili ndilo linaloyeyuka: petroli, thina, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, gundi ya fundi viatu na spreyi nyingi zinalila papo hapo.

La tatu ni sponji, la godoro na makochi. Linabonyea, linanywa kila kitu.

Kama huna hakika ulilonalo ni lipi, weka tone la asetoni kwenye kipande cha kutupa. Likitengeneza shimo mara moja, ni la punje. Kipimo hiki kinachukua sekunde tano. Mimi nilikijua baada ya kupoteza ngao.

Kuziba si kuimarisha

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mtu ana upanga wa povu unaolegea kama mkia wa ng'ombe, anaupaka tabaka nane za gundi akitumaini utasimama. Hautasimama. Kuziba ni kazi ya ngozi: kufunga vitundu ili rangi ikae juu. Kuimarisha ni kazi ya mifupa, na mifupa inakaa ndani. Upanga wa akida una bomba la PVC la nusu inchi lililolazwa katikati ya vipande viwili vya povu la ndala. Mikuki ni fito za mianzi. Mabega ya dirii, mahali panapovutwa kila mtu anapovaa na kuvua, yana ukanda wa turubai uliogandishwa kwa ndani. Hayo yakishafanyika ndipo unaanza kufikiria unachopaka juu.

Kipo kipande kimoja tu ambacho ngozi yenyewe inaweza kukiimarisha kweli, nacho ni kitu kisichokunjika kabisa, kama ngao ya povu la punje. Nitaifikia.

Dirii na chapeo: povu linalokunjika

Kabla ya kupaka chochote kwenye povu la ndala, lipitishe kwenye joto. Mashine ni ile ya kupuliza hewa moto ambayo mafundi wa kubandika stika kwenye magari wanatembea nayo. Draya ya saluni mara nyingi haifikishi moto unaotakiwa. Unaipitisha kwa mwendo, bila kusimama mahali pamoja, hadi uone uso wa povu unabadilika na kupata mng'ao kidogo. Vitundu vilivyofunguliwa na kisu vimejifunga. Ukikawia, povu linasinyaa na kutoa malengelenge, na hilo halirudi. Wakati huohuo likiwa bado la moto unaweza kulikunja kwenye goti au kwenye sufuria lichukue umbo la kifua au la kichwa, ulishike hadi lipoe. Joto halina gharama baada ya mashine, na mimi siliruki hata nikiwa na haraka. Ila kwa rangi ya fedha halitoshi peke yake, kwani rangi ya fedha inaonyesha kila kasoro. Na usithubutu kulipeleka joto hilo kwenye povu la punje, litajikunyata ukiliangalia.

Baada ya joto, mashindano halisi ni kati ya gundi nyeupe ya maseremala na mpira wa spreyi.

Gundi nyeupe inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, toka Kariakoo hadi kijijini kwenu. Tabaka la kwanza nachanganya nusu kwa nusu na maji ili liingie kwenye vitundu vilivyobaki, kisha mbili au tatu nyingine zenye maji kidogo tu. Harufu yake haiumizi, brashi unaiosha kwa maji, watoto wa Jumapili wanaweza kusaidia kupaka. Ikikauka inakuwa kama ganda jembamba la plastiki, na rangi ya maji inaishika vizuri.

Kasoro zake nimezilipia. Kwanza, inaacha mistari ya brashi, na haisuguliki: ukiipiga msasa haitoi vumbi, inapata joto na kujiviringa kama uchafu wa kifutio cha penseli. Kwa hiyo ulaini uupate wakati inapakwa, kwa tabaka nyembamba. Pili, tabaka zikiwa nene, mahali pa kiuno na kwapa panapokunjika hupasuka mistari myeupe. Tatu, na hii ndiyo kubwa kwetu, Pasaka inaangukia wakati wa masika. Gundi ya kawaida ikikutana na unyevu na jasho inalainika tena. Mwaka mmoja tulizipanga dirii zikiwa zimelaliana kwenye chumba cha sakristia, mvua ikanyesha siku tatu, tukazikuta zimegandana mbili mbili. Tangu hapo nasoma kopo: gundi ya mbao iliyoandikwa D3 inavumilia unyevu kuliko ile isiyo na alama, na tofauti ya bei inajilipa.

Mpira wa spreyi, ambao wengi wanaujua kwa jina la Plasti Dip, ulitengenezwa kwa vipini vya zana na unapendwa na watu wa kubadilisha rangi za rimu za magari, kwa hiyo utafute kwenye maduka ya urembo wa magari. Unapuliza tabaka tatu hadi tano, ukiacha kila moja ikauke. Unachopata ni ngozi ya mpira: askari anainama, anapiga magoti, anaangushwa kaburi linapofunguka, na hakuna kinachopasuka. Hauna mistari ya brashi. Unyevu hauutishi.

Lakini bei! Kopo moja halimalizi hata dirii mbili, na kwa askari sita hesabu inakuwa ya harusi. Mvuke wake ni mkali na unashika moto, kwa hiyo ni kazi ya nje, yenye barakoa ya kuchuja kemikali, mbali na jiko la mkaa. Masika, kutafuta siku kavu ya kupuliza nje ni bahati nasibu. Na ukishapuliza mpira, usikimbilie rangi ya mafuta juu yake. Mara nyingi inabaki inanata wiki nzima. Rangi ya maji, akriliki, ndiyo inayopatana nao.

Nikilazimishwa kuchagua? Kwa maonyesho machache, gundi. Kwa mtu anayetengeneza vazi moja la kuvaa mwenyewe mara nyingi, kama vijana wanaovalia uhusika kwenye NAICCON, tamasha la mashabiki wa vibonzo kule Nairobi, mpira unastahili fedha zake. Kwa kikundi maskini kama chetu kuna njia ya katikati ninayoipenda kuliko zote: gundi kwenye bamba la kifua na la mgongo, ambayo hayakunjiki sana, na mpira kwenye mabega na mikanda ya kiuno peke yake. Kopo moja linatosha watu watatu hivi.

Chapeo inafuata sheria ileile, isipokuwa pindo la ndani linalogusa paji la uso. Hapo jasho ni jingi. Mimi sipaki kitu ndani, nabandika kipande cha kitambaa cha pamba.

Kuna wanaotumia maji ya mpira, lateksi, kwa brashi. Yananyumbuka vizuri na ni rahisi kuliko spreyi ukinunua kwa lita. Yananuka amonia, yanaharibu brashi usipoichovya kwanza kwenye maji ya sabuni, na jua linayapausha na kuyafanya yavunjike baada ya muda. Pia wapo watu ambao lateksi inawawasha hadi kuvimba, kwa hiyo muulize mvaaji kabla. Kwa dirii mimi niliachana nayo.

Ngao: povu lisilokunjika

Ngao ya Kirumi, ile ndefu iliyopinda kama kigae, ndiyo inayopigwa, kuangushwa na kukanyagwa. Na ndiyo tunayoitengeneza kwa povu la punje kwa sababu linapatikana bure nyuma ya maduka ya vifaa vya umeme. Hapa mshindani wa gundi ni resini ya faiba, kimiminika kinachoganda kikawa kigumu ukikichanganya na hadena yake.

Nilipopeleka ngao kwa fundi bodi jirani yetu, anayeziba matobo ya daladala, nilitarajia ataipaka tu resini na kitambaa chake cha faiba. Akaibonyeza kwa kidole akacheka. “Dada, hii resini itaila yote, utabaki na ganda la hewa.” Alikuwa sahihi. Resini ya kawaida ya mafundi bodi na watengeneza maboti, yaani poliesta, imechanganywa na staireni, na staireni inayeyusha povu la punje kama petroli inavyoliyeyusha. Resini ya epoksi hailidhuru. Ni ghali zaidi, inapimwa kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo bila kukadiria kwa macho, na kwenye joto la pwani inaganda mapema kuliko unavyodhani. Kikombe kilichojaa kinaweza kupata moto hadi kifuke moshi mkononi. Changanya kidogo kidogo. Glavu, barakoa na miwani, na mikono mirefu kwa sababu ya vumbi la faiba linalowasha siku mbili. Hadena ya poliesta ni hatari kwa macho hata kwa tone.

Matokeo ya epoksi na faiba nayakubali bila ubishi: tabaka moja na ngao inakuwa kitu cha kudumu. Unaweza kuipiga upanga wa mbao. Inasuguliwa kwa msasa, namba 120 kisha 220, ikawa laini kama bodi ya gari. Kama ni kikundi cha ukumbi chenye maonyesho ya kila mwezi, fanya hiyo na usirudi nyuma.

Sisi tunaigiza mara moja kwa mwaka. Tunatumia gundi nyeupe na kitambaa. Shuka kuukuu la pamba, au chachi ya hospitali kwa sehemu zenye kona, linachovywa kwenye gundi iliyopunguzwa kwa maji, linakamuliwa, linalazwa juu ya povu na kusawazishwa kwa kiganja. Tabaka mbili mbele, moja nyuma. Usiache nyuma wazi. Kitambaa kikikauka kinavuta, na ngao iliyopakwa upande mmoja inajipinda kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Hapa ngozi inaimarisha kweli, kwa sababu gamba gumu liko pande zote mbili na povu katikati linayazuia yasikaribiane. Kanda la gazeti na uji wa unga wa ngano linafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ya karibu bure, na tulilitumia mwaka mmoja. Mwaka uliofuata tulikuta panya wamekula pembe za ngao nne.

Juu ya kitambaa mfumo wa nyuzi unaonekana. Ukitaka uso wa chuma, changanya gundi nyeupe na unga wa jipsamu wa kuziba kuta hadi iwe kama mtindi mzito, paka kwa kipande cha plastiki, ikikauka piga msasa. Jipsamu bila gundi inameguka ngao ikianguka mara ya kwanza. Na mchanganyiko huu usiuweke kamwe kwenye dirii. Chochote kigumu juu ya kinachokunjika kitapasuka, iwe jipsamu, iwe resini. Niliona dirii ya kikundi kingine iliyopakwa resini juu ya povu la ndala: ilimeremeta jukwaani dakika kumi, askari akakaa chini, ikalia kama sahani.

Sponji nalipitia haraka kwa sababu silipendi. Ni zuri kwa vitu vinene na vyepesi, kama kichwa cha mnyama au manyoya juu ya chapeo. Halizibiki kwa gundi nyeupe, litainywa kopo zima na kuwa zito. Kwake lateksi ndiyo sahihi, kwa tabaka nyingi nyembamba. Kwa manyoya ya chapeo tunatumia nyuzi za katani na tunasahau sponji.

Rangi, na mienge

Chini ya fedha au shaba napaka nyeusi kwanza, rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa. Fedha juu yake nagusa kwa sponji karibu kavu, ili weusi ubaki kwenye mabonde. Kwenye ngao ya povu la punje hata baada ya gundi na kitambaa sipulizi spreyi. Tundu moja dogo kama la sindano linatosha mvuke kupita na kula ndani, ukaja kuona nje pamezama bila kujua kwa nini. Brashi na rangi ya maji, basi.

Neno moja kuhusu igizo la usiku lenye mienge: mapovu yote haya yanashika moto, na yanatoa moshi mbaya. Gundi, mpira na lateksi hazizuii hilo. Wenye mienge kwetu wanavaa vitambaa vya pamba na wanasimama upande wa pili wa jukwaa, na mienge yenyewe siku hizi ni taa za betri zenye karatasi ya rangi ya machungwa.

Ukiwa na muda gani?

Wiki tatu: ngao ya kitambaa na gundi au epoksi, dirii ya joto na gundi D3, mpira mabegani, na kila tabaka ulipe usiku mzima likauke, kwa sababu masika saa moja ya kwenye kopo si saa moja ya kwako. Wiki moja: acha epoksi, punguza ngao kutoka sita hadi mbili za mbele, wengine wabebe mikuki. Siku moja: povu la ndala tu, joto, tabaka mbili nyembamba za gundi mbele ya feni, nyeusi, fedha. Ngao zote ziwe za povu la ndala pia, na bamba la kadibodi ngumu kwa ndani. Ukiwa na jioni moja tu, masinia yako jikoni, na kina mama ukiwaomba vizuri wanatoa.